Hotuba Ndani ya mlango.h

Nchi inayohusika haitatajwa jina hapa, kwa sababu wakati wa matukio haya jina lake lilikuwa mbele ya kamati ya bunge likitafutiwa jina zuri zaidi. Mengine yote yanajulikana. Ina mabwawa saba, mikoa kumi na minne na wizara thelathini na mbili, mojawapo ikiwa Wizara ya Mahali pa Vitu.

Wizara hiyo iliundwa baada ya muhuri wa taifa kupotea kwa miezi mitano na kupatikana juu ya meza ya mtu aliyekuwa akiongoza msako. Tangu hapo sheria ni moja: kila kitu cha umma kina mahali pamoja tu, na mahali hapo pana kibao. Vijiko vya hospitali vina mahali pake. Vivuli vya miti ya Ikulu vina mahali pake, na adhuhuri vinapokaribia kutoweka, mtunza vivuli huandika taarifa.

Mwaka ambao mabwawa yaliwekewa kompyuta, Wizara ilifikiwa na swali ambalo haikulitarajia: heda zikae wapi?

Msomaji asiyefanya kazi na kompyuta ataelewa heda kwa urahisi. Maktaba ya programu ni kazi ambayo mtu mwingine ameshaifanya: kupima maji, kufungua lango, kufunga lango, kupiga king'ora. Heda ni faili dogo lenye orodha ya kazi hizo na namna ya kuziita, kama orodha ya vyakula iliyobandikwa nje ya mgahawa. Chakula chenyewe kiko jikoni. Anayeandika programu mpya huiagiza kompaila, yaani chombo kinachogeuza maandishi ya binadamu kuwa maagizo ya mashine, isome heda kwanza ili ijue kuna nini cha kuagiza. Pasipo orodha, jiko limejaa na mteja anaondoka na njaa.

Kompyuta za nchi hiyo zinatumia mfumo wa Linux, na kwenye Linux heda zinazoletwa na mfumo wenyewe hukaa katika saraka, yaani kabati la mafaili ndani ya kompyuta, iitwayo /usr/include. Wizara haikushirikishwa katika kuupanga utaratibu huo, kwa hiyo iliutangaza. Gazeti la serikali liliandika kwamba /usr/include sasa ni Ghala la Taifa la Heda. Kibao kikachongwa. Mafundi walieleza kwamba saraka haina ukuta wa kugongomelea kibao, basi kikafungwa kwenye chumba cha seva, mbele ya feni. Seva ilizimika mara mbili kwa joto kabla kibao hakijasogezwa sentimita kumi.

Kwa miaka mitatu ya kwanza Ghala la Taifa halikuwa na heda ya malango ya mabwawa. Maktaba za programu mara nyingi huja kwa vifurushi viwili: kimoja kina kazi yenyewe, kingine kina heda, na majina yake yanatofautiana mwishoni tu. Kamati ya Ununuzi iliona majina mawili yanayofanana, ikatabasamu kama watu waliowahi kudanganywa, ikakata moja. Hivyo mabwawa yote saba yalikuwa na programu inayojua kufungua malango, na hapakuwa na mtu anayejua namna ya kuiomba ifungue. Malango yaliendelea kufunguliwa kwa magurudumu ya chuma, kwa mikono.

Kwenye bwawa la Kisimbiti gurudumu hilo lilizungushwa na Mzee Ngwembe kwa miaka ishirini na sita. Yeye anakaa Bondeni, mtaa wa nyumba elfu moja na mia moja ulio chini ya tuta la bwawa. Watu wakimsifu kwa umakini wake alikuwa akisema hakuna cha kusifiwa: akikosea, atarudi nyumbani kwa kuogelea.

*

Mwaka wa nne Kisimbiti ilipata mwandishi wa programu, Devota Kihwele. Aliandika Wizarani barua ya mstari mmoja: "Tunaomba kifurushi cha pili." Akaulizwa sababu. Akajibu kwa mstari mwingine. Kwa kuwa Wizarani hakuna aliyewahi kuona barua fupi kiasi hicho, ilidhaniwa kuna mtu mkubwa nyuma yake, na kifurushi kikaagizwa kwa haraka, yaani baada ya miezi minane.

Wakati akisubiri, Devota aliijenga maktaba ile mwenyewe kutoka kwenye maandishi yake ya asili. Vitu anavyoviweka mtu wa kituoni kwa mkono wake, Linux huviweka kando na vya mfumo, kwa hiyo heda yake ilikwenda kwenye /usr/local/include. Hakuwa akimkaidi mtu. Ndivyo kazi hiyo inavyofanyika kote duniani, na hakuiona sababu ya kuiandikia barua.

Kifurushi kilipofika, Wizara iliandaa uzinduzi. Faili lililozinduliwa liliitwa mlango.h, na lilikuwa na mistari minne. Utepe mwekundu ulifungwa kuzunguka kibodi. Kama sehemu ya sherehe, magurudumu saba ya chuma yaling'olewa kwenye mabwawa na kukabidhiwa makumbusho, ili taifa lisipate kishawishi cha kurudi nyuma. Na kwa kuwa mgeni rasmi alikuwa Waziri mwenyewe, Mheshimiwa Daktari Athanasi Mbelwa, iliamuliwa kwamba hotuba yake iwekwe ndani ya faili lenyewe, juu ya ile mistari minne, ili kila mashine ianze na maneno yake. Hotuba ilikuwa na mistari mia mbili na kumi na miwili.

Kazi ya kuiingiza alipewa Devota. Kuikagua alipewa Bwana Shamte Kilua, Afisa Itifaki, ambaye katika miaka kumi na tisa ya utumishi hakuwahi kuruhusu mtu akalie kiti kisicho chake.

"Bi Devota," alisema Bwana Kilua akiinamia skrini, "hizi alama juu ya hotuba ni za nini? Naona kistari cha mshazari na nyota."

"Zinafungua maelezo. Za chini zinayafunga."

"Maelezo ndiyo nini?"

"Maandishi ya kusomwa na watu. Kompaila ikikuta alama hizo inaruka mpaka zile za chini."

"Inaruka."

"Ndiyo."

"Inaruka hotuba ya Mheshimiwa Waziri."

"Inaruka chochote kilicho katikati, Bwana Kilua. Hata jina langu limo humo humo."

"Jina lako liruke tu, halina tatizo. Mimi naongelea Waziri. Ondoa hizo alama."

"Zikiondoka, kompaila itaisoma hotuba kama maagizo."

Bwana Kilua alinyooka, akamtazama kwa upole wa mtu anayemrekebisha mgeni.

"Kwani hotuba ya Waziri si maagizo?"

Kisheria, hotuba ya Waziri ilikuwa maagizo. Ilikuwa imeandikwa hivyo katika kifungu cha sita cha sheria iliyoiunda Wizara. Bwana Kilua alinyoosha kidole chake na kufuta alama nne, mbili za juu na mbili za chini. Waziri akakata utepe. Faili likasambazwa nchi nzima saa sita kamili, na kwa usalama likapangiwa kushushwa upya kutoka makao makuu kila baada ya saa moja, ili asitokee mtu wa kulichezea.

*

Kompaila ya kwanza kukutana na hotuba ilikuwa ya bwawa la Mto Mweupe. Ilisimama kwenye neno la kwanza kabisa. Iliripoti kwamba haijui *Ndugu* ni kitu cha aina gani. Ikaendelea kushuka, na ilipofika mwisho ilikuwa imeorodhesha makosa elfu moja mia tisa arobaini na saba.

Mabwawa mengine matano yakaleta idadi hiyo hiyo. Wizara iliziweka ripoti hizo chini ya muhuri wa siri, kwa sababu zilikuwa na kichwa kisemacho "Makosa" na chini yake zilinukuu hotuba ya Waziri neno kwa neno.

Kamati ya Marekebisho iliundwa. Wajumbe wake waligundua kwamba mara nyingi kompaila inalalamika kuwa ilitarajia nukta-mkato. Ombi hilo lilionekana kuwa la busara na lisilo na gharama. Nukta-mkato ikawekwa mwishoni mwa kila sentensi ya hotuba, makosa yakapungua mpaka elfu moja mia sita na kumi na moja, na redio ya taifa ikatangaza mafanikio ya asilimia kumi na saba bila kusema ni mafanikio ya nini.

Haya yote yalitokea mwezi mmoja kabla ya mvua kubwa, na hapo ndipo jambo lenyewe lilipo. Kila mwaka, kabla ya mvua, tuta la kila bwawa hupimwa, maana matuta ya udongo huzama. Kipimo kikitoka, kikomo kipya cha maji huandikwa ndani ya programu, na programu hujengwa upya na kompaila. Maji yakifika kwenye kikomo, lango hufunguka lenyewe. Programu isipojengwa upya, lango litasubiri kikomo cha mwaka jana.

"Mwaka huu tuta limekaa kama kitanda kilicholaliwa na watu watatu," Mzee Ngwembe alimwambia Devota. Tangu gurudumu lichukuliwe alikuwa amepewa cheo cha Mwangalizi, na alikuwa akiangalia. "Hicho kikomo cha mwaka jana, maji yatakifikia yakiwa yameshapita juu ya tuta na kuja kwetu."

"Mpimaji anakuja Alhamisi ya wiki ijayo," alisema Devota. "Akinipa namba, kujenga ni dakika moja."

Wizara iliagiza mabwawa yote yafanye jaribio la kujenga programu, kwa namba ya zamani, na kujaza fomu. Fomu ilikuwa na swali moja: "Je, programu imejengwa bila makosa?" Mabwawa sita yalijibu Hapana. Kisimbiti ilijibu Ndiyo, na chini yake Devota akaongeza sentensi mbili za kueleza kwa nini. Fomu hazikusomwa chini ya Ndiyo.

Bwana Kilua alipiga simu siku hiyo hiyo, sauti yake imejaa sherehe.

"Bi Devota, hongera! Mashine yako imeisoma hotuba yote bila kosa hata moja!"

"Haikuisoma, Bwana Kilua. Nimeandika pale chini."

"Acha unyenyekevu."

"Si unyenyekevu. Kuna heda nyingine ambayo—"

"Jumatano Mheshimiwa anakuja kushuhudia kwa macho yake. Andaa sehemu ya kuegesha magari kumi na moja."

*

Magari yalikuwa kumi na manne. Mahema yalisimamishwa juu ya tuta, licha ya Mzee Ngwembe kusema kwamba tuta limeshabebeshwa uzito wa kutosha. Waziri Mbelwa aliketi mbele ya kompyuta, Bwana Kilua akasimama nyuma yake, wapiga picha wakajipanga.

"Hii ndiyo mashine yenye adabu?" aliuliza Waziri.

"Ndiyo yenyewe, Mheshimiwa," alisema Bwana Kilua. "Bi Devota, anza."

Devota aliandika amri, akabonyeza. Mstari mmoja ukashuka kwenye skrini, na baada yake hakikutokea kitu.

"Imeanza?" aliuliza Waziri.

"Imemaliza, Mheshimiwa."

"Mbona haikusema chochote?"

"Pasipo na kosa huwa haina la kusema."

Waziri alisogeza kiti karibu na skrini. Alikuwa mwanasiasa kwa miaka ishirini na miwili, na kuna jambo moja alilijua kuliko mtu yeyote aliyekuwepo pale.

"Wananchi wakikaa kimya namna hii baada ya hotuba," alisema taratibu, "huwa hawakuisikiliza. Binti, niambie ukweli. Imeisoma?"

Mzee Ngwembe alikohoa kikohozi ambacho hakikuwa cha mafua. Devota alikisikia, akakielewa, na akajibu alivyoulizwa.

"Hapana, Mheshimiwa. Imesoma heda nyingine." Akaiagiza kompaila itaje mafaili iliyoyasoma, na kwenye skrini ikatokea /usr/local/include/mlango.h.

"Hiyo 'local' ndiyo nini?"

"Ni ya vitu vilivyowekwa na watu wa kituoni."

"Na Ghala la Taifa?"

"Kompaila ingekwenda huko kama isingepata kitu hapa. Kwa kawaida inaanza na ya kituoni."

Bwana Kilua alivuta kiti kilichokuwa karibu na kukikalia. Kilikuwa kiti cha Mkuu wa Wilaya.

"Inaanza na ya kituoni," Waziri alirudia. "Kisimbiti tu?"

"Kila kompyuta ya aina hii."

"Hata Wizarani kwangu?"

"Hata Ikulu, Mheshimiwa."

Wapiga picha waliombwa waende kunywa soda. Waziri alisubiri waondoke.

"Nani aliamua hivyo?"

"Walioiandika kompaila, zamani. Mtu akiweka kitu kwa mkono wake pale alipo, ina maana amekikusudia. Kwa hiyo chake kinasomwa kwanza."

"Hiyo ni siasa, binti."

"Ni mpangilio wa saraka tu, Mheshimiwa."

"Ndiyo hiyo ninayoisema."

Agizo Namba Tisa liliandikwa pale pale, juu ya paja la katibu. Lilikuwa na vipengele vitatu. Kwanza, yote yaliyomo katika /usr/local/include kwenye kompyuta zote za umma yafutwe siku hiyo. Pili, ni kosa kwa mtu yeyote kuhifadhi faili lolote la heda nje ya Ghala la Taifa. Tatu, kompaila ijieleze kwa maandishi ndani ya siku saba kwa nini isichukuliwe hatua za kinidhamu.

"Mheshimiwa," alisema Devota, "naomba mniachie mpaka Ijumaa. Kesho naletewa kipimo cha tuta. Bila heda siwezi kujenga programu, na lango litafunguka likiwa limechelewa. Chini hapo kuna nyumba elfu moja na mia moja."

"Nani amekwambia huna heda? Iko Ghala."

"Ile ina hotuba ndani yake."

"Basi umepata viwili kwa pamoja," alisema Waziri, na alisema kwa nia njema kabisa. Akampa mkono, akampa mkono Mzee Ngwembe pia, akaondoka. Bwana Kilua alibaki nyuma kutekeleza kipengele cha kwanza. Alimwomba Devota amwonyeshe faili, akalifuta, akaomba radhi, akakimbilia gari la kumi na nne.

Kipengele cha tatu kilitekelezwa makao makuu jioni hiyo. Barua ya kuitaka kompaila ijieleze iliandikwa kwenye faili na kupewa kompaila yenyewe. Ilijibu papo hapo. Tume iliyoundwa kuichunguza kompaila ilihesabu jibu hilo na kuandika kwamba mtuhumiwa ana makosa arobaini na moja, na ameyataja mwenyewe moja baada ya jingine pamoja na mistari yalipotokea.

*

Alhamisi mpimaji alifika na namba. Tuta la Kisimbiti lilikuwa limezama sentimita arobaini. Kikomo kilikuwa mia tatu na hamsini. Sasa kiwe mia tatu na kumi. Idara ya hali ya hewa ilikuwa imeshatangaza mvua kubwa kwa Jumamosi.

Devota aliandika namba mpya, akaiagiza kompaila ijenge. Kompaila ilikwenda kwenye /usr/local/include, ikakuta patupu, ikaenda Ghala la Taifa, ikakutana na Ndugu.

"Gurudumu je?" aliuliza Mzee Ngwembe, ingawa alijua.

"Liko makumbusho, baba."

"Nilikwenda kulitazama. Wamelipaka rangi ya dhahabu na kulizungushia kamba. Nikataka kulishika kidogo, askari akaniambia 'Mzee, hairuhusiwi, hicho ni kitu cha kale.' Nikamwambia mimi na hicho kitu ni rika." Alikaa. "Hebu niambie, mwanangu. Hicho kifaili walichofuta kinasema nini cha maana hivyo?"

"Mistari minne. Pima maji, fungua lango, funga lango, piga king'ora. Na kila moja inaitwaje, inapewa nini, inarudisha nini."

"Umeisahau?"

"Sijaisahau."

"Basi si uiandike?"

"Nikiiandika kwenye faili la heda na kuiweka popote pale, nimevunja kipengele cha pili. Nikiiweka Ghala, itafutwa ndani ya saa moja, hotuba irudi."

"Mimi sikusema faili. Nimesema andika."

Devota alitaka kumweleza kwa nini haiwezekani, na alipotafuta sababu hakuipata. Kompaila inaposoma heda haifanyi jambo kubwa: inachukua maandishi yaliyomo na kuyaweka ndani ya programu pale ilipoitwa, kana kwamba yaliandikwa pale tangu mwanzo. Haijali yametoka saraka gani. Haijali hata kama yametoka kwenye saraka.

Akalisoma tena Agizo Namba Tisa, mara mbili. Lilisema *faili lolote la heda*. Halikusema mistari.

Si njia nzuri, na Devota angemkemea mtu mwingine kwa kuitumia: siku maktaba ikibadilika, hakuna mfumo utakaokumbuka kuirekebisha mistari iliyoandikwa kwa mkono ndani ya programu. Lakini ilikuwa Alhamisi. Alifuta mstari ulioiita mlango.h, mahali pake akaandika ile minne, akaiagiza kompaila. Programu ikajengwa, ikiwa na mia tatu na kumi ndani yake. Maktaba yenyewe haikuwa imeguswa na mtu. Ilikuwa jikoni siku zote, ikingoja kuagizwa.

Ijumaa alipiga simu mabwawa sita, akawasomea mistari hiyo kwa zamu, herufi kwa herufi. Mwenzake wa Mto Mweupe alikuwa mwoga.

"Nukta-mkato ipo?"

"Mwisho wa kila mstari."

"Ile iliyopitishwa na Kamati?"

"Ya kawaida, ndugu yangu. Iko kwenye kibodi yako."

"Na hii nikishaiandika, niseme nimeihifadhi wapi?"

"Hujaihifadhi. Umeiandika."

Kwenye simu zikasikika kelele za mtu anayebonyeza kibodi kwa kidole kimoja.

Mvua ilianza Jumamosi saa nne asubuhi, na ilikuwa ile iliyotabiriwa. Saa tisa na dakika arobaini alasiri maji ya Kisimbiti yalifika sentimita mia tatu na kumi. King'ora kikalia, lango likapanda. Mzee Ngwembe alikuwa amekwenda kusimama kwenye daraja la Bondeni, kwa sababu alisema lango linalofunguka lenyewe ataliamini akiwa na miguu mikavu. Akampigia Devota.

"Mwanangu, mto umejaa mpaka kwenye kingo."

"Umepita kingo?"

"Haujapita. Unapita chini ya daraja kwa heshima zake. Watoto wanautupia maganda ya ndizi."

"Tuta je, umelionaje?"

"Bado liko. Limechoka, lakini liko."

*

Jumatatu Bwana Kilua alifika Kisimbiti akiwa na fomu ya ukaguzi wa utekelezaji wa Agizo Namba Tisa. Wizara ilikuwa imeridhika sana. Mabwawa yote saba yalikuwa yamejenga programu bila makosa, jambo lililothibitisha kwamba Agizo limefanya kazi. Iliyobaki ilikuwa kuandika limefanyaje.

Fomu ilitaka kujua mahali heda ilipowekwa. Palikuwa na visanduku viwili: *Ghala la Taifa*, na *Kwingineko (eleza, na weka saini mbele ya askari)*.

"Nitie tiki ya kwanza," alisema Bwana Kilua.

"Haikutoka huko. Ningesema uongo."

"Basi ya pili?" Aliuliza kwa sauti ya chini, na uso wake ulionyesha kwamba hakuipenda.

"Sina faili kwingineko. Tafuta kompyuta nzima."

Alitafuta. Alichukua saa nzima, kwa sababu alikuwa mtu mwaminifu, na hakukuta kitu. Akarudi kwenye kiti chake.

"Bi Devota, lango lilifunguka. Nimeona matope yake. Kitu lazima kiwe mahali."

"Hakuna faili, Bwana Kilua. Kuna mistari minne."

"Na hiyo mistari iko wapi?"

"Ndani ya programu inayoihitaji."

Aliigeuza fomu, akaangalia nyuma yake, akairudisha. Hapakuwa na kisanduku cha hivyo. Baada ya kufikiri alichora cha tatu kwa kalamu na rula, akakitia tiki, na alipomaliza alionekana kama mtu aliyevuka barabara pasipo na kivuko. Akashuka kwenye swali la mwisho.

"Hapa wanauliza jina la mgeni rasmi. Kila kitu kinachoanza kutumika lazima kiwe kimezinduliwa. Mistari yako ilizinduliwa na nani?"

"Na mvua ya Jumamosi."

Bwana Kilua aliinua macho kuona kama anataniwa. Devota alikuwa akimtazama kama alivyomtazama siku ya alama nne, bila tabasamu, akisubiri swali lingine. Nje, Mzee Ngwembe alikuwa akipita juu ya tuta na fimbo ya kupimia, akiangalia.

Bwana Kilua akaandika: *Mvua*. Kisha, kwa kuwa alikuwa na miaka kumi na tisa kazini, akarudi mwanzo wa mstari na mbele ya jina hilo akaandika *Mheshimiwa*.